Maoni Yetu: Oili na Mshahara wa Dereva

Reli haifiki Garissa. Mizigo ya Dadaab, Wajir na Mandera huchukuliwa na malori, katika joto na vumbi. Injini ikifa njiani, neno la kwanza la tajiri ni, "Dereva alipe." Hatukubali.

Oili si moja. Katika 15W-40, ile 15W ni habari ya baridi, ambayo Garissa haina. 40 ndiyo uzito wa oili injini ikiwa na moto. Alama ya API ianzayo na C ni ya dizeli; yenye S peke yake ni ya petroli. Gari jipya lenye chujio la masizi kwenye ekzosi lataka oili ya majivu machache, ama sivyo chujio litaziba mapema. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi, nacho husema kwamba penye vumbi oili ibadilishwe mapema zaidi.

Lakini nani anunuaye oili? Ni tajiri. Dereva hutia aliyopewa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mshahara ukatwe kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Kutii amri si makusudi.

Basi kila dereva aandike jina la oili, tarehe na kilomita. Asitie sahihi karatasi ya kukatwa mshahara kabla ya kumwona mwakilishi wa chama.