Moyo Haujikazi Kisabuni

Nina neno juu ya moyo. Si moyo wa mapenzi, bali huu unaodunda kifuani.

Muhula uliopita nilienda zahanati kufungwa kidonda cha mguu. Muuguzi akanishika mkono, akatazama saa, akahesabu. Akarudia. Kisha akaniuliza ati mimi huzirai? Kumbe moyo wangu ulipiga mara 48 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Nilitoka pale nikidhani siku zangu zimehesabika.

Mwalimu wetu wa Bayolojia ndiye aliyenituliza. Mimi hukimbia kilomita 7 kuja shule na 7 kurudi. Moyo ni msuli, na msuli ukizoeshwa kazi hukomaa. Mwili uliotulia huhitaji takriban lita 5 za damu kwa dakika. Moyo unaosukuma mililita 70 kwa pigo moja utapiga mara 70 hivi. Ule wa mkimbiaji ukisukuma mililita 100, mara 50 zatosha. Tena jambo hili si geni. Mwaka 1899 daktari Salomon Henschen wa Uswidi alieleza kuwa mioyo ya wanaoshindana kuteleza kwenye theluji ilikuwa imepanuka. Basi mapigo ya polepole kwa mkimbiaji mwenye afya si ugonjwa.

Lakini wengi wetu tukisikia hivyo twadhani moyo wa mkimbiaji ni wa chuma. La hasha! Ryan Shay wa Marekani alikuwa mkimbiaji hodari wa marathoni. Tarehe 3 Novemba 2007, katika mbio za kuchagua timu ya Olimpiki mjini New York, alianguka akafa. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha moyo uliopanuka na wenye makovu. Moyo uliopanuliwa na mazoezi na ule uliopanuliwa na ugonjwa waweza kufanana kama shilingi kwa ya pili. Kuitofautisha ni kazi ya daktari, si ya mtu aliyeshika kipenga.

Sasa nije nyumbani. Mwaka huu katika mbio za nyika rafiki yangu alizirai akiwa bado anakimbia, si baada ya kumaliza. Alipozinduka aliambiwa ni njaa tu, ajikaze kisabuni. Jumamosi iliyofuata akapangwa tena. Hajapimwa hadi leo. Naye ananyamaza, kwa maana anaogopa kuachwa nje ya timu, na timu ndiyo tumaini lake la kupata mfadhili wa karo.

Najua mtanitajia Kipchoge Keino, aliyekuwa akiugua nyongo kule Mexico mwaka 1968 na bado akatwaa dhahabu ya mita 1500. Ni shujaa wetu, namvulia kofia. Lakini nyongo si moyo. Moyo ukisimama, nani atabaki wa kujikaza?

Maoni yangu ni haya. Kabla ya msimu, kila mkimbiaji aulizwe maswali manne: Umewahi kuzirai ukikimbia? Huumwa kifua? Moyo hukupiga ovyoovyo? Je, kuna ndugu yako aliyekufa ghafla angali kijana? Akijibu ndiyo hata kwa moja, aonwe na daktari kwanza. Kule Italia, tangu mwaka 1982 sheria inataka wanamichezo wa mashindano wapimwe, pamoja na mashine ya kuchora mapigo ya moyo. Sisi hatuna mashine hiyo, lakini kuuliza hakuna bei. Na anayesema kweli awekewe nafasi yake mpaka daktari atoe neno, la sivyo wote watadanganya.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Rafiki yangu, ukisoma haya ujue Jumatatu nakusindikiza hospitali. Ukinikasirikia, nikasirikie tu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu