Elimu ya Ujinsia Mtandaoni: Maneno Tunayo

Yako mambo ambayo jamii yetu ya Visiwani imezoea kuyasitiri, na sitara hiyo tangu asili haikuwa ujinga. Alikuwapo mtu maalumu aliyekabidhiwa kazi ya kuyafunua kwa wakati wake. Msichana alipovunja ungo alikwenda kwa somo, naye somo akamfunza tohara ya mwili wake, hesabu ya siku zake na mipaka ya watu wa kumkaribia. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, ulimwengu ulimjua kwa taarabu. Lakini hapa kwetu alijulikana vilevile kwa unyago, na unyago ni skuli.

Skuli hiyo leo imebakiwa na wanafunzi wachache. Wasichana wengi humwona somo zikiwa zimesalia siku chache tu za harusi, wakati maswali ya miaka kumi yamekwisha kujibiwa na wengine. Wavulana hali yao ni mbaya zaidi. Tohara imehamia hospitali, hufanywa mtoto akiwa mdogo asiyeweza kufundishwa lolote, na baada ya hapo hapana mtu mzima anayejiona ana wajibu wa kumwambia neno. Pengo hilo limejazwa na simu. Utafiti juu ya udhalilishaji wa watoto mitandaoni uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, INTERPOL na ECPAT ulikuta kwamba asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Kwa hiyo anayeuliza kama vijana wafundishwe mambo haya mtandaoni au wasifundishwe, amechelewa. Wanafundishwa kila usiku, na walimu wao hatukuwaajiri sisi.

Lililobaki kwetu ni kuamua kama Serikali itakuwa na kurasa zake humo, na zikiwapo ziandikwe vipi.

Tunawaheshimu wazee na masheikh wenye khofu kwamba kumweleza kijana ni kumfungulia mlango wa zinaa. Khofu hiyo ina asili yake, na hatuoni adabu kuijibu kwa kejeli. Mwongozo wa UNESCO uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2018 ulipitia tafiti za nchi nyingi, na haukuona kwamba elimu hii huwaharakisha vijana kuanza kujamiiana. Lakini hatutaraji mzee wa Micheweni akinaike kwa kuwa UNESCO imesema. Tunamrejesha kwenye msahala wake mwenyewe. Aliyesoma chuoni katika pwani hii alisomeshwa Safina, kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumeir, na mlango wa mwanzo mwanzo humo hutaja alama tatu za baleghe: kutimiza miaka kumi na tano, ihtilamu, na hedhi kwa msichana. Baadaye hufuata janaba, nifasi na josho. Mtoto wa miaka kumi hukaa jamvini akayakariri yote hayo kwa sauti, wenziwe wa kike wakiwa upande wa pili wa pazia, na hakuna mzazi aliyepata kwenda kwa mwalimu kulalamika kwamba mwanawe anaharibiwa. Fikihi haikuona haya kutaja kitu kwa jina lake, kwa sababu ibada haisihi bila ya kukijua.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Kurasa nyingi za aina hii zinazowafikia vijana wetu zimeandikwa kwanza kwa lugha nyingine, zikafasiriwa kwa haraka na mtu asiyepata kusimama mbele ya darasa la Visiwani. Kijana akizisoma huhisi anazungumzwa na mgeni. Ama zile zinazoandikwa hapa nchini mara nyingi huwa na ugonjwa wa pili, nao ni kuzungukazunguka: “sehemu za siri”, “mambo ya kikubwa”, “tabia mbaya”.

Neno hili la “tabia mbaya” lina madhara makubwa, nasi tunaomba lifikiriwe. Mtoto akitukana huambiwa ana tabia mbaya. Akiiba embe la jirani, ni tabia mbaya. Na mtoto huyohuyo akiingiliwa na mtu mzima, neno alilofundishwa la kuelezea ni kwamba “alinifanyia tabia mbaya”. Askari ataandika nini? Hakimu atapima nini? Tena mtoto mwenyewe hubaki akidhani kwamba tabia mbaya imemshika yeye, maana ndivyo lilivyotumika neno hilo juu yake siku zote. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa Zanzibar wa miaka 13 hadi 24. Asilimia 6 ya wanawake walisema walipata kufanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 9. Ndugu wasomaji watazame namba hizo mara mbili. Wavulana walizidi, na wavulana ndio tusiowapa somo, wala ungo, wala neno moja la kusemea.

Basi anayetaka kuandika kurasa hizi aanze na kamusi. Awakalishe pamoja mwalimu wa chuo, mkunga, mwanasheria, somo mmoja aliye hai na mwenye kumbukumbu, na vijana wenyewe wa Unguja na Pemba, wa mjini na wa shamba. Wakubaliane kila kiungo kitaitwaje na kila kitendo kitaitwaje, kwa Kiswahili kinachoweza kusomwa mbele ya baba bila ya kutukana na mbele ya mahakama bila ya kutatanisha. Kazi hiyo si ya siku mbili za semina na posho. Na vijana wasiitwe mwishoni kupiga makofi. Wapewe rasimu wakiwa peke yao, waseme wapi hawakufahamu.

Hapo pana jambo la kiufundi ambalo viongozi wengi hulipita. Kijana hatafuti kwa maneno ya kamati. Huandika neno la barazani, neno ambalo gazeti hili halitalichapa. Ukurasa usiolijua neno hilo hautapatikana, na atakayepatikana badala yake ni muuza uchafu. Kwa hiyo maneno ya mtaani yawekwe kwenye mitambo ya kutafutia, na jibu litoke kwa maneno ya heshima. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza uchafu, na ni haki. Lakini watekelezaji wa kanuni hizo na wenye mashine za kuchuja wasije wakaufunga ukurasa wa mkunga pamoja na danguro kwa kuwa wote wawili wametaja kiungo kimoja.

Simu nayo ni ya nani? Katika nyumba nyingi ni ya mama, ama ya kaka, hupitia mikono minne kwa siku. Ukurasa uwe mwepisi usiomaliza bando, usidai jina wala picha ya mtu, na ufungike kwa mguso mmoja mtu anapoingia chumbani. Wenye simu za kitochi wasisahauliwe. Huduma ya ujumbe mfupi iitwayo m4RH, iliyoanza Kenya na Tanzania mwaka 2010, haikuhitaji simu janja. Ilieleza uzazi wa mpango kwa maandishi matupu, na wengi walioiendea walikuwa vijana, wanaume si wachache miongoni mwao. Mtu huuliza kwa maandishi lile ambalo ulimi unalikataa.

Kurasa ziseme sheria pia, bila ya kuficha. Mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 ni aliye chini ya miaka 18, na mtu mzima anayemwendea amefanya jinai hata kama amempa zawadi na hata kama ni jamaa. Msichana aliyekwisha kupata mimba aambiwe naye haki yake. Sheria ya mwaka 1985 iliyokuwa ikimpeleka Chuo cha Mafunzo iliondolewa mwaka 2005, na Zanzibar ilikwisha kumruhusu arudi skuli kabla ya Bara kufanya hivyo Novemba 2021. Wako wasichana leo wanaokimbia skuli kwa kuogopa sheria iliyokwisha kufa.

Tena nyuma ya maandishi awepo binadamu. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila ya malipo, na hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono. Namba na anwani hizo zikae juu ya kila ukurasa. Zisizikwe chini kabisa pamoja na nembo za wafadhili.

Tukitaja wafadhili tumefika penye ugumu wenyewe. Kazi za namna hii huzinduliwa kwa hotuba na fulana, mradi ukaisha, anayejibu maswali akaondoka, na swali la mtoto likabaki humo mwaka mzima bila ya jibu. Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ikishirikiana na Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Ofisi ya Mufti, iiweke kazi hii katika fungu la bajeti ya Serikali yenyewe, wawepo watumishi wenye mishahara ya kudumu wa kuzijibu barua hizo, mwanamke mmoja na mwanamme mmoja kwa kuanzia. Waheshimiwa Wawakilishi watakapolijadili fungu hilo, waulize kwanza barua ngapi zimejibiwa, ndipo waulize fedha ngapi zimetumika.