MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Msichana wa Viberiti

Mwezi huu twawaletea habari za picha ya sinema iliyo fupi mno. Weka chai motoni, nayo itakwisha kabla maji hayajachemka. Ilitengenezwa mwaka 1902 na James Williamson, Mskoti mwenye asili ya kazi ya kuuza dawa, katika mji wa Hove ulio pwani ya kusini. Haina sauti, nayo yachukua dakika tatu hivi.

Kisa chake kilitungwa mwaka 1845 na Hans Christian Andersen wa Denmark. Msichana mdogo anauza viberiti njiani usiku wa kuamkia mwaka mpya. Theluji inaanguka, naye hana viatu. Kwao kuna paa, walakini lapitisha upepo, na babaye atampiga kwa kuwa hakuuza hata kimoja. Basi ajikunyata penye pembe ya nyumba za watu. Mtu asiyethubutu kurudi kwao, je, tuseme ana kwao?

Andersen hakuyatoa yote kichwani. Alisimulia kwamba mamaye, alipokuwa mtoto, alitumwa kwenda kuombaomba. Akashindwa, akaketi chini ya daraja mjini Odense, akalia.

Sasa tazameni ujanja wa Williamson. Alipiga picha juu ya picha. Msichana awashapo njiti kwa ajili ya vidole vyake, ukutani hutokea vile anavyovitamani. Njiti ikizimika, ukuta huwa ukuta tena. Waganga nao watueleza ya kuwa mtu afaye kwa baridi huacha kutetemeka, akili ikampotea kidogo kidogo, akashikwa na usingizi. Wengine hata huona joto, wakavua nguo zao. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba maono yale ni mapambo tu ya mtunzi.

Lakini kwa maoni yetu, linalouma si mauti yenyewe. Sisi tulioketi kutazama twaona yale ayaonayo yeye. Wapitao njiani waona mtoto na viberiti, basi. Katika kisa cha Andersen, asubuhi watu waliuona mwili na njiti zilizoteketea mkononi, wakasema kwamba alitaka kujipasha moto. Hawakujua zaidi. Asubuhi ile walisimama. Jioni yake hakusimama mtu.