Kamba ya pili si ya sifa

Wasee wa Eldoret, tuache sifa. Umeona klipu moja ya farasi akizungushwa kwa kamba mbili, kesho unamfunga hivyo yule anayebeba watoto wa watu. Ni kweli kamba moja ina shida: unashika kichwa tu, makalio yanatoka nje ya duara. Ya pili inapita nyuma ya mapaja, inayazuia, na unamgeuza upande bila kumsimamisha. Poa sana. Lakini kama hajazoea, ikimwingia chini ya mkia atarusha mateke atoroke, na wewe umejizungushia kamba mkononi! Mguseguse nayo mapajani kwanza, akitembea polepole, hata wiki nzima. Mimi niliacha chuo katikati, kuruka hatua nakujua. Ila sikuwa nimebeba mtoto wa mtu mgongoni.