Paa la Soko na Gunia la Mahindi

Watu wengi wasemapo habari ya kutengeneza soko la ndani, kwanza hutaja rangi, kisha mabati, kisha lango la chuma. Si ajabu, kwa kuwa hayo ndiyo yaonekanayo kutoka barabarani. Walakini mkulima wa Matiliku aletaye gunia lake la mahindi au la ndengu haliweki juu ya paa. Huliweka sakafuni, na sakafu hiyo ndiyo itakayoamua kama soko litadumu na wateja wake, au kama litakuwa makao ya popo.

Katika Makueni jambo hili si la mzaha. Mwaka 1981, Makueni ilipokuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitali wakiwa na macho ya manjano na maini yaliyoharibika, na 12 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yenye kuvu. Miaka 23 ikapita, na wengi wakasahau. Ndipo mwaka 2004, kati ya Januari na Julai, ugonjwa ule ule ukarudi kwa nguvu zaidi katika wilaya za mashariki ya Kenya. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na waliokufa walikuwa 125. Sehemu kubwa yao walikuwa watu wa Makueni na Kitui.

Chanzo chake kilijulikana. Baada ya ukame mvua ilinyesha wakati usio wake, mahindi yakiwa tayari kuvunwa, na watu wakayaingiza nyumbani kabla hayajakauka. Katika unyevu huo huota kuvu ambayo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo siku hizi wengi huiita sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina ladha ya kumwonya mlaji, wala haiondoki kwa kuchemshwa. Hata muthokoi, ambao hupunguza sumu kiasi kwa sababu maganda hutolewa, hauiondoi yote.

Mwezi wa Mei mwaka huo wachunguzi walizunguka katika masoko 65 ya wilaya zilizopatwa, wakachukua vielelezo 350 vya mahindi na unga kwa wauzaji 243. Sheria ya Kenya wakati ule iliruhusu sumu isiyozidi sehemu 20 katika bilioni. Vielelezo 55 katika kila 100 vilipita kiasi hicho. Vielelezo 35 katika kila 100 vilipita sehemu 100, na 7 vilipita sehemu 1,000. Makueni, yenye wagonjwa wengi kuliko wilaya zote, ilionekana kuwa na mahindi mabaya sokoni kuliko yale ya Thika.

Hapa yapasa haki itendeke. Mama aliyekaa sokoni na gorogoro lake akipima mahindi hakuwa mwuaji. Aliyanunua kwa jirani, na huenda yeye mwenyewe na watoto wake waliyala usiku ule ule. Sumu ilianzia mashambani na katika nyumba, si sokoni. Lakini soko ndilo lililoipa miguu. Kwa njia ya soko, gunia la nyumba moja liligawanywa likaingia katika sufuria za nyumba arobaini, na hapana mtu aliyeweza kusema limetoka wapi.

Basi, fundi akiitwa kutengeneza soko la ndani mahali kama Matiliku, swali la kwanza si rangi gani. Swali ni hili: gunia litalala juu ya nini? Sakafu ya sementi iliyoinuliwa juu ya ardhi ya nje, ili maji ya mvua yasiingie kwa mlango, ni kazi isiyopendeza macho, na kwa hiyo mara nyingi hupunguzwa fedha zikipungua. Juu ya sementi pia zatakiwa chaga za mbao, kwa sababu sementi nayo hupitisha unyevu kutoka chini. Kuta zahitaji nafasi kubwa za hewa upande wa juu, kwani nyumba ya mabati iliyofungwa pande zote huwa jiko mchana, na usiku hutoa jasho likadondoka juu ya nafaka. Na mahali pa nafaka pasiwe karibu na mahali pa nyanya, mboga na samaki, ambapo maji humwagwa kila saa.

Kuna na chombo kidogo cha kupima unyevu wa punje. Mahindi ya kuweka ghalani hayatakiwi kupita unyevu wa sehemu 13.5 katika 100, na kipimo hicho huonyesha jibu kwa muda mfupi tu. Kimoja kikiwekwa mlangoni chatosha soko zima. Hakionyeshi sumu, na hilo lifahamike vyema: mahindi yaliyoota kuvu kisha yakaanikwa yaweza kuwa makavu kabisa na bado yakaua. Lakini humzuia mtu mwenye gunia bichi asilichanganye na la mwenzake, na hayo tayari ni maendeleo makubwa kuliko lango la chuma.

Habari ya paa sasa. Mfano mzuri uko Dar es Salaam, katika soko la Kariakoo. Jina hilo latokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Vita Kuu ya Kwanza, kama lilivyo jina la Kariokor ya Nairobi, na wazee wa Ukambani walizijua vizuri taabu za upagazi ule. Jumba kubwa la soko lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa ramani ya Beda Amuli, msanifu wa majengo wa Tanzania, na Rais Julius Nyerere akalifungua mwaka 1975. Amuli aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, ili mvua ikusanyike katikati, iteremke, na kuhifadhiwa chini ya ardhi.

Mtu wa Nzaui, ambaye huhesabu matone, angeielewa hekima hiyo pasipo mwalimu. Na hesabu yenyewe ni nyepesi. Paa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, likipata mvua ya milimita 10 tu, hupokea lita 2,000 za maji, yaani mitungi 100 ya lita 20. Mvua za Novemba na Desemba huleta siku kadhaa za namna hiyo. Kujenga paa jipya la soko katika Makueni bila mifereji na tangi ni kumwaga mali.

Lakini Kariakoo ina funzo jingine, tena chungu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 jumba lile liliungua. Kazi ya kulitengeneza na kujenga jingine kando yake ilianza mwaka 2022, nayo ilikawia kuliko ilivyotarajiwa, huku wauzaji wakihangaika kwingine. Kisha Julai 2024, majina ya watakaorudishwa yalipotangazwa, wako waliosema kwamba walikuwemo kabla ya moto lakini majina yao hayakuonekana. Wakaandamana. Mtu aliyepoteza bidhaa kwa moto, akangoja miaka 3, kisha asilione jina lake ubaoni, hawezi kufarijiwa kwa kuonyeshwa jengo zuri.

Hatari iko upande mwingine pia: jengo laweza kukamilika wala asiingie mtu. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuamsha uchumi, na ndani yake mlikuwa na masoko ya mazao katika majimbo mengi. Baadhi hayakumalizika, na baadhi yalimalizika yakakaa matupu. Sababu hujulikana na kila mwenye kuuza: kizimba kikiwa na ushuru mkubwa kuliko nafasi ya barabarani, na mteja akiwa yuko barabarani, mwuzaji mwenye akili hukaa kule aliko mteja. Askari wa soko wamfukuze asubuhi, atarudi jioni.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 masoko yamo mikononi mwa serikali za kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Kaunti ya Makueni imepata sifa tangu wakati huo kwa kuwashirikisha wananchi katika kuchagua miradi, na kwa kamati za wenyeji zinazoiangalia kazi ya makontrakta. Kwa hiyo mtu wa Matiliku ana mahali pa kusemea, na haitakuwa vyema aende barazani kuuliza habari ya rangi tu. Akaulize kimo cha sakafu. Akaulize tangi ni la lita ngapi, kipimo cha unyevu kitakaa kwa nani, ushuru wa kizimba utakuwa kiasi gani, na wauzaji watakaa wapi mafundi wakiwamo. Na orodha ya wauzaji wote, pamoja na wale mama wanaotandika magunia yao nje, iandikwe na kusomwa kwa sauti siku ya soko, watu wakiwa wengi, kabla bati la kwanza halijang'olewa.