Mashini haijaona Kindu

Vijana wenzetu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, wandugu wote wa Maniema,

Kuko biashara mpya mjini. Kwenye makundi ya WhatsApp wanatuambia hivi: leta dola 20, tutakufundisha kutengeneza video 30 kwa siku bila kushika kamera na bila kusema neno. Akili ya mashini, ile wanaita IA, inaandika maneno. Mashini ya pili inayasoma kwa sauti. Ya tatu inatengeneza picha, ya ine inaweka maandishi chini na kutuma yenyewe TikTok na Facebook wakati wewe umelala. Kisha, wanasema, dola zinaingia.

Tunajua kwa nini maneno haya yanatuingia moyoni. Tulimaliza chuo kikuu, diplome ziko ndani ya valizi, kazi hakuna. Mwenye kusoma uchumi anauza mega, mwenye kusoma sheria anaendesha pikipiki. Kwa hiyo hatumcheki mutu yeyote aliyelipa. Lakini tunapashwa kusema wazi mambo mawili: pesa na ukweli.

Tuanze na pesa. TikTok ilipofungua mpango wake mpya wa kulipa watengenezaji wa video, mwaka 2024, inchi zilizohesabiwa zilikuwa Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani, Korea ya Kusini na Brazili. Kongo haikuwamo, wala inchi nyingine yoyote ya Afrika. YouTube nayo, ili ugawane pesa ya matangazo kwa video fupi, inadai wafuasi 1.000 na video zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Piga hesabu: ni zaidi ya mara 110.000 kila siku, siku 90 mfululizo. Tena, tangu tarehe 15 Julai 2025, YouTube imeandika wazi katika masharti yake kwamba video za kufanana, zinazotolewa kwa wingi kama matofali, hazistahili kulipwa. Na video 30 kwa siku bila mutu ndani yake ni nini kama siyo matofali?

Basi katika biashara hii, mwenye pesa ya hakika ni yule anayefundisha. Kwake ombi letu ni moja: kabla ya kupokea dola ya mwanafunzi, amuonyeshe malipo aliyopata yeye mwenyewe kwa video hizo, kwenye akaunti iliyofunguliwa hapa Kongo. Kama anayo, tutamsifu. Kama hana, arudishe pesa za watu.

Sasa ukweli. Mwezi wa tano 2025 Google ilitoa Veo 3: unaandika maneno machache, inakupa video ya sekunde 8 pamoja na sauti za watu wasiokuwepo. Mwezi huohuo, uvumi wa mapinduzi ya serikali ulienea mitandaoni kuhusu Côte d'Ivoire, na mapinduzi hayakuwepo. Mwezi wa kumi na mbili ikawa Ufaransa: video ya mashini ikatangaza mapinduzi Paris, ikatazamwa na mamilioni, na Rais Macron mwenyewe akalalamika kwamba Facebook haikutaka kuiondoa.

Kule Paris walilalamika, kisha wakalala salama. Sisi je? Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili, na mwezi wa tatu vita vikaingia Walikale, penye barabara inayokuja Lubutu, ndani ya Maniema yetu. Katika hali hii, video ya sekunde 8 inayosema « wameingia » inatosha mama abebe watoto usiku na kukimbilia porini. Aliyeitengeneza alitaka tu watu watazame. Mtoto aliyepotea njiani hatarudishwa na kitufe cha kufuta.

Ndani ya harakati yetu mjadala ulikuwa mkali. Kuko wenzetu waliosema: « Waongo wanatoa video 30 kwa siku, sisi na simu moja tunatoa moja kwa juma. Tutazama. Na sisi tutumie mashini. » Hoja hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini kwa wingi hatutawashinda hata siku moja. Kitu tulicho nacho ni kuaminiwa, basi. Siku picha moja ya uongo itaonekana kwenye ukurasa wetu, kesho yake tutaleta picha ya kweli, ya barabara iliyokatika au ya shule isiyo na paa, na kiongozi atajibu: « Hiyo ni ya mashini. » Tutamjibu nini? Tutakuwa tumempa sisi wenyewe kifuniko cha kujifichia.

Tena mashini hii haijaona Kindu. Tuliiomba soko la Kindu, ikatuletea mji wa pwani wenye minazi na bahari. Sauti yake inasema Kiswahili cha Dar es Salaam; Kilega na Kikusu hakijui kitu. Siyo ajabu, inajifunza kwa vile vilivyowekwa mtandaoni, na sisi tumeweka kidogo. Kasiterite ya Kalima na Punia inatoa bati, na bati njo inaunganisha vipande ndani ya simu na kompyuta. Mawe yetu yamefika kwenye mashini, habari zetu bado.

Kwa hiyo tumeamua hivi kwa ukurasa wetu:

1. Hatutatoa sura, sauti wala tukio lililotengenezwa na mashini.
2. Kila video itakuwa na mahali na tarehe. Aliyeipiga tutamjua sisi, na jina lake tutalificha kwa usalama wake.
3. Mashini itatusaidia kukata mikutano mirefu, kuandika maneno chini ya video kwa wasiosikia, na kutoa sheria kwenye Kifaransa kuzileta kwenye Kiswahili. Mutu atahakikisha kila neno, na tutaandika kwamba mashini ilisaidia.

Wakubwa wa jimbo nao tunawaambia: Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ipo, lakini sheria peke yake haiwashi kompyuta. Tunadai chumba kimoja cha wazi katika kila komini, chenye umeme na intaneti, ambako kijana atajifunza kazi hii bure na kwa ukweli. Na vita vikisogea, semeni mapema na semeni yote, ju uongo unajaa pale serikali inaponyamaza.

Na wewe ndugu, dada, kabla ya kutuma video mbele uliza: ni wapi, ni lini, nani aliona? Kama hakuna jibu, iache ikufie mkononi. Na kama uko na simu, piga kilicho mbele ya macho yako, andika mahali na tarehe, tuletee. Moja ya namna hiyo inatutosha kuliko thelathini za mashini.