Nobu ya besi ndiyo inayotuulia spika

Mwaka jana tulipiga kwenye arusi moja Malaba na spika ya kukodi ikapasuka kabla keki haijakatwa. Lawama zote kwa mpiga besi, yaani mimi. Fundi wa mitambo alisema besi haisikiki, nikafungua nobu ya besi kwenye gitaa hadi mwisho, naye akafungua ya kwake kwenye mikisa, kisha prrr! Tulirudi Busia na matatu ya mwisho bila kuongeleshana.

Hebu tupige hesabu, maana ndiyo kazi niliyosomea. Waya mnene wa gitaa la besi, ule wa E, hutoa 41 Hz. Boksi ndogo tunazokodi hazifiki huko. Ukiongeza desibeli 12 kwenye masafa hayo, umeiambia amplifaya itoe nguvu mara 16 kwa sauti ambayo spika haiwezi kuitoa. Umati unasikia 82, 123 na kuendelea juu, na ubongo unajijazia wenyewe ile ya chini. Kwa hiyo tulichoma spika kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

Ndiyo maana nasema tuachane na hizi saketi za kuongeza besi na trebo, tuweke kichujio ndani ya gitaa lenyewe. Wazo si geni. Ron Wickersham wa Alembic, California, alikuwa akiweka vichujio ndani ya magitaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Wal wa Uingereza walifuata njia yao wenyewe, kila pikapu na kichujio chake (pikapu ya gitaa, si ile ya kubebea vitunguu).

Nobu ya toni ya kawaida ni kapasita tu: inapunguza desibeli 6 kila okteva, basi. Kichujio hukata desibeli 12 kila okteva, wewe ndiye unayesogeza mahali pa kukatia, na hapo kwenye ukingo unaweza kuinua nundu. Utamu wote uko kwenye nundu. Kwa rumba naiweka karibu na 300 Hz, besi inakuwa nene na laini. Ikija benga naisogeza hadi 800 hivi na kila noti inachomoza hata kupitia boksi bovu. Boksi inaziweza sauti hizo bila kutokwa jasho.

Wenzangu wananiambia mikisa ina nobu zake. Sawa, lakini kwenye mikisa nyingi ndogo hizo nobu hukaa masafa yaleyale siku zote, na fundi ana maikrofoni nne na jenereta la kuangalia. Isitoshe, pikapu isiyo na betri ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la mikisa, sauti inafifia. Saketi ya ndani inatibu hilo pia.

Kabla ya kushika chuma cha kulehemu niliandika kichujio hicho kwenye kompyuta, mistari michache tu ya kodi, nikapitishia besi niliyorekodi kanisani. Fanya hivyo kwanza. Usiponunua chochote baada ya hapo, hujapoteza senti.

Ubaya wake ni betri ya 9 V. Saketi yangu hula kama 2 mA, kwa hiyo betri nzuri inavuka saa 200. Lakini swichi iko kwenye tundu la waya, nami niliacha waya umechomekwa wiki mbili. Betri ikafa katikati ya ibada na besi ikanyamaza kabisa. Siku hizi nachomoa waya kabla hata ya kufuta jasho, na betri ya akiba hukaa kwenye soksi ndani ya begi la gitaa.

Jumamosi hii tuko Amagoro. Spika ni za kukodi tena, na fundi ni yuleyule.